Jina Lililofaulu

"Mwalimu, kama jina langu limefaulu, mimi nimefeli nini?"

Niliulizwa swali hilo mwezi wa Januari, vita vya mpakani vikiwa vimeshika moto, mbele ya meza yangu katika ofisi ya elimu ya wilaya, Biharamulo. Aliyeniuliza alikuwa msichana wa miaka kumi na minne hivi, amevaa sketi ya shule iliyokwisha kufumuliwa pindo mara mbili. Miguu yake ilikuwa na tope lililokauka hadi magotini, maana alikuwa ametembea tangu alfajiri kutoka upande wa Nyarubungo. Mimi nilikuwa na shahada. Nilikuwa nimekaa miaka mitatu Dar es Salaam nikibishana na wahadhiri juu ya usawa, nani aupate, nani augawe, na nani amempa mamlaka ya kuugawa. Nilimtazama yule msichana, nikapanga upya kalamu zangu mezani, nikamwambia akae.

Nimestaafu mwezi uliopita. Vijana wa ofisini Ngara wameniomba niwaandikie kazi ilivyokuwa, ili wapate la kujifunza. Sina hakika kama lipo. Vyeo sitaviandika, vimo kwenye faili langu, na mishahara mnaifahamu wenyewe. Nitaandika juu ya jina moja.

Niliripoti Biharamulo mwaka mmoja kabla ya swali hilo, nikitokea chuo kikuu na jeshi la kujenga taifa. Nilikuwa binti mwenyeji wa nusu, kwetu ni Ngara, na Kisubi cha Biharamulo nilikisikia vizuri ingawa nikikizungumza watu walicheka. Nilipewa kiti kisicho na mgongo, meza, na kazi ya kushughulikia usajili wa mitihani ya darasa la saba. Vifaa vilikuwa mashine ya kurudufu iliyotapika wino, pasi ya lakiri, ile nta ya kufungia bahasha za mitihani, sanduku la chuma lenye kufuli mbili, na baiskeli. Landrova ilikuwepo, lakini ilikuwa ya mkubwa wetu, na mkubwa wetu alikuwa mtu wa safari.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Laurenti Bitegeko, mkaguzi wa shule aliyeanza kufundisha zamani za wamisionari. Alikuwa mfupi, mtaratibu, na alivaa koti lile lile jua liwake au mvua inyeshe. Siku ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye msomi?"

"Nimetoka chuo kikuu, ndiyo."

"Basi kaa hapa, soma hii." Akanisukumia rejista ya mahudhurio ya shule moja. Niliisoma dakika kumi, nikamwambia sioni kosa. "Umesoma majina," akasema. "Anza na wino. Mwalimu anayeita majina kila siku, wino wake hubadilika, leo umekolea, kesho umepauka, keshokutwa ametumia penseli. Ukiona mwezi mzima una wino mmoja, ujue umeandikwa kwa siku moja, na mwandishi alikuwa amekaa akinywa chai."

Hilo ni la kwanza ninalowaachia, ingawa ninyi mna kompyuta, na kwenye kompyuta wino wote ni mmoja.

La pili alinifundisha tukiwa njiani na baiskeli. Siku zile sera ilikuwa kila mtoto aingie darasa la kwanza, na kweli waliingia, kwa mamia, wakakaa chini na juu ya matofali, wakifundishwa na vijana waliomaliza darasa la saba juzi. Lakini nafasi za sekondari zilikuwa chache mno, zikagawanywa kwa wilaya ili wale walioachwa nyuma tangu ukoloni nao wapate. Nililipenda wazo hilo chuoni, nikaliandikia insha ndefu. Ambalo insha haikulijua ni kwamba kurudia darasa la saba kulikatazwa, na kwamba daftari, chaki na hata walimu viligawanywa kwa idadi ya majina. Kwa hiyo hakuna mwalimu mkuu aliyekuwa na haraka ya kufuta jina. Mtoto aliyeolewa, aliyehamishwa na Operesheni Vijiji kwenda kijiji kingine, aliyefuata ng'ombe na baba yake, jina lake lilibaki kwenye rejista, limekaa tu. Na mtoto aliyefeli, akiwa na ndugu mwenye uwezo, alikuja kutoka mbali, akakaa mahali pa jina hilo, akaliitikia.

"Tunaita kurithi jina," alisema Mzee Bitegeko.

"Mimi ningeita wizi."

"Unaweza kuita hivyo. Lakini andika kwa penseli kwanza."

Mwezi wa tatu tulifika kwenye shule moja ya vijiji vya Nyarubungo, nisiyoitaja. Wanafunzi walikuwa wanarudi kutoka shamba la pamba la shule, majembe begani. Niliketi na orodha ya darasa la saba, nikakuta jina la Skolastika Bugingo. Muhula mzima wa mwisho wa mwaka uliopita alikuwa hayupo. Muhula huu yupo, siku zote, bila kukosa hata moja. Nikaliita.

Akasimama msichana mkubwa, mweupe wa uso, mwenye viatu. Viatu ndivyo vilivyonisimamisha kalamu. "Nipo," akasema.

"Ulikuwa wapi mwaka jana?"

"Naumwa."

"Unaumwa au uliumwa?"

Darasa likacheka. "Niliumwa. Malaria."

"Muhula mzima?"

Akamtazama mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu akamtazama Mzee Bitegeko, na Mzee Bitegeko akakohoa kikohozi kirefu ambacho hakikuhitaji dawa. Baadaye, nje, aliniambia yule binti ni mpwa wa rafiki wa mkubwa wetu, ametokea mjini, alifeli mwaka uliopita. "Na mwenye jina yuko wapi?" nikauliza. Alisema mwalimu mkuu amesema familia imehamia Ngara, haitarudi. Nilisimama pale na baiskeli yangu. Nilikuwa mtu wa kuuliza kila kitu, lakini jua lilikuwa kali, shule mbili zilikuwa zimebaki, na mwenye jina hakuwepo kulalamika. Niliweka alama ya vema. Alama hiyo ni yangu. Msije mkadhani kisa hiki nilikikuta mezani.

Skolastika mwenyewe alirudi mwezi wa saba. Familia yake haikuwa imehama. Mama yake aliugua, akapelekwa kwa wazazi wake Ngara, na Skolastika akaenda kumwuguza mpaka alipomzika. Aliporudi shuleni, mwalimu mkuu alimweka darasa la sita na kumwambia amebaki kidogo nyuma, mtihani atafanya mwakani. Hakumweleza zaidi. Msichana akakaa. Baba yake, Bugingo, mkulima wa mihogo na migomba, alishukuru kwamba mwanawe amepokelewa tena.

Mwezi wa kumi vita vikaanza. Redio ya ofisini ilisikilizwa na watu arobaini. Malori yakachukuliwa, Landrova yetu ikachukuliwa pamoja na dereva, na mkubwa wetu akalazimika kujifunza kutembea. Walimu vijana walikwenda mgambo, shule nyingine zikabaki na mwalimu mmoja na kengele. Mtihani ulifanyika katika hali hiyo. Nilibeba karatasi kwa baiskeli, lakiri ikinuka kwenye begi, nikiwa na hakika kwamba nalitumikia taifa.

Matokeo yalipobandikwa mwishoni mwa mwaka, kijiji cha kina Bugingo kilikuwa na msichana mmoja aliyechaguliwa kwenda sekondari. Skolastika Bugingo. Habari ilifika kwa baba kabla ya ufafanuzi. Alikamua rubisi, pombe ya ndizi, akaita majirani, akamwondolea binti yake jembe mkononi. Wakacheza. Siku ya pili alikwenda shuleni kumshukuru mwalimu mkuu, na huko ndiko alikoambiwa.

Hivyo ndivyo walivyofika ofisini kwangu wawili, baba na binti. Baada ya lile swali, mimi nikiwa bado napanga kalamu, baba alizungumza kwa Kiswahili chake kilichobadili l kuwa r.

"Ndugu Afisa, mimi nimezaa mtoto bira mke wangu kujua. Mtoto mkubwa, ana viatu. Nataka nimuone tu, nimpe saramu."

Mzee Bitegeko, aliyekuwa meza ya pili, hakucheka, na mimi pia sikucheka.

"Tukimfichua yule," nilimuuliza Mzee walipotoka kunywa maji, "huyu ataipata nafasi?"

"Huyu hakufanya mtihani. Nafasi itakwenda kwa mwingine aliyeufanya."

"Basi afanye mwaka huu."

"Jina lake limeshafanya. Ukimsajili, mkoani wataona ni mrudiaji. Watamfuta."

"Lakini si kweli kwamba amerudia."

"Msomi," alisema, kwa upole, "wewe unazungumza juu ya mtoto. Mkoani wana orodha."

Akavuta rejista ya shule ile, akaweka kidole kwenye mstari mmoja. Darasa la sita. Veneranda, mtoto wa Ntare. Ameolewa Geita tangu mwaka uliopita. Jina limekaa tu.

"Mpeleke darasa la saba kwa jina la Veneranda," alisema. "Usajili unafungwa mwezi wa tatu. Ana akili huyu, nimemkagua tangu darasa la tatu. Atapita."

"Kwa hiyo dawa ya wizi ni wizi mwingine?"

"Sikusema dawa. Nimesema jina."

Tuliwaita ndani. Sikutaka kuficha kitu, nilikuwa na imani kubwa ya kutoficha, kwa hiyo nikamweleza Skolastika yote, pamoja na pendekezo la Mzee. Alisikiliza kichwa kimeinama.

"Mimi naweza kuitwa hata Veneranda," akasema. "Nyumbani wananiita Kadogo. Nimeshazoea."

Hapo ndipo palipokuwa na mlango, na ulikuwa wazi. Mtoto amekubali, baba amekubali, mzee mwenye uzoefu wa miaka thelathini amekubali. Nikasema hapana. Nikasema utaitwa jina lako, ni haki yako, na tukilirithi la Veneranda tutakuwa sawa na waliokutenda. Nilisema maneno mengi. Nimejiuliza tangu wakati huo kama niliyasema kwa ajili yake au kwa ajili ya ile alama ya vema niliyoweka mwezi wa tatu, ambayo hakuna aliyeijua isipokuwa mimi na Mzee.

Mpango wangu ulikuwa kuandika mkoani, Bukoba, kuomba ruhusa maalumu. Na nikasisitiza aandike mwenyewe. Raia azungumze kwa sauti yake, ndivyo nilivyoamini, siyo afisa amsemee. Nilimpa karatasi ya ofisi na kalamu yangu. Aliandika kwa mwandiko wa mviringo, uliosimama wima, mzuri kuliko wangu. Mimi, Skolastika Bugingo, naomba kuruhusiwa kufanya mtihani wa darasa la saba kwa jina langu, kwa sababu mwaka jana sikuufanya, nilikuwa namwuguza mama. Nilimzuia asimtaje yule mwingine. Kwanza apate mtihani, nilifikiri, mengine baadaye.

"Anwani?" aliuliza Mzee Bitegeko.

Tatizo lilikuwa hilo. Barua zote za ofisi zilifunguliwa na mkubwa wetu, na mkubwa wetu alikuwa na rafiki yake, yule mwenye mpwa. Sanduku la shule lilikuwa mikononi mwa mwalimu mkuu. Nikamwambia aandike jina lake na kijiji, basi. Barua za vijijini zilikuwa zikipokelewa na makondakta wa mabasi, zikifika kwa namna zake.

"Barua isiyo na sanduku," alisema Mzee, "inamtafuta mtu kwa jina." Alilisema kama mtu anayelalamikia mvua, akarudi kwenye kazi yake. Nilisikia, sikuelewa. Nikaipeleka mwenyewe kituo cha basi, nikamkabidhi kondakta wa Bukoba, nikarudi ofisini najisikia vizuri sana.

Mwezi wa pili hakuna jibu. Bukoba ilikuwa na shughuli zake, wakati ule huko juu watu walikuwa wanarudi kwenye nyumba zisizo na paa, na mimi nilimfafanulia Skolastika hivyo kila alipokuja. Alikuwa anakuja kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Alikuwa akisimama mlangoni.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba."

"Barua imefika?"

"Bado."

"Haya."

Mwezi wa tatu usajili ukafungwa. Nilituliza roho kwamba ruhusa maalumu inaweza kuja hata baada ya kufungwa, na ni kweli, ilikuwa ikija. Nililiacha jina la Veneranda lilipokuwa. Mzee Bitegeko alipeleka orodha bila kunitazama. Vita vikaisha, watu wakashangilia barabarani, walimu waliobaki hai wakarudi. Niliandika mkoani kwa jina langu mara mbili. Nilijibiwa mara moja, kupitia kondakta, kwamba suala linashughulikiwa, mwombaji atajulishwa mwenyewe. Nikafurahi. Mwombaji atajulishwa mwenyewe, hilo ndilo nililolipigania.

Mtihani ulifanyika. Skolastika alikuwa nje ya dirisha siku ile. Nilimwona nilipokuwa nafungua lakiri. Alikuwa amevaa sketi yake, amesimama mbali na ukuta ili asije akaambiwa anachungulia. Baada ya somo la pili hakuwepo tena. Mwaka uliofuata alikuwa amepita umri, na baba yake alikuwa amechoka kupewa matumaini na watu wa ofisi. Akaolewa na fundi wa matairi.

Mzee Bitegeko alistaafu muda si mrefu. Alinirithisha pasi ya lakiri na lile koti, ambalo sikulivaa. Siku aliyoondoka nilimwambia nilikosea kuhusu Veneranda. "Hukukosea," alisema. "Ulikuwa na haki. Sasa tazama mwenyewe haki imekaa wapi." Hakulisema kwa uchungu. Alikuwa anafunga kamba kwenye sanduku lake.

Nilihamishiwa Ngara, nikafanya kazi huko mpaka mwisho. Sitawachosha na miaka hiyo. Sera zilibadilika, tukawa na shule za kata, michango, kisha bila michango, na kila mabadiliko yalikuja na orodha yake. Kila nilipopokea orodha niliuliza nionyeshwe watoto wenyewe, wasimame niwaone. Mnajua mlivyonicheka kwa hilo. Walimu wakuu waliniita Mama Simama. Ni hilo tu nililoongeza kwenye kazi hii, na lilichelewa kunijia.

Skolastika tulionana tena Lusahunga. Alikuwa amefungua mgahawa wa mabati njia panda, akiwapikia madereva wa malori ya mpakani Rusumo ugali na maharage. Kila nikipita kwenda au kutoka Mwanza nilishuka kula pale. Alikuwa amenenepa, anaamrisha watu, anawataja madereva kwa nchi zao. Aliniletea chakula mwenyewe, akafuta meza, na kila mara, bila kukosa, akaniuliza kwa sauti ambayo wateja waliidhani utani wa ndugu:

"Mwalimu, barua imefika?"

"Bado, Skola."

"Haya. Kula, kitapoa."

Ulikuwa utani kweli, kwa upande wake, nadhani. Mimi nilimeza ugali.

Yule mwingine naye nilikuwa namwona. Alimaliza kidato cha nne, akasomea ualimu, akapangiwa Ngara, akawa mwalimu mkuu. Kwenye vyeti, kwenye hundi, kwenye kibao cha ofisi yake, ni Skolastika Bugingo. Nilimkagua mara nyingi. Ningependa kuwaambia alikuwa mwalimu mbaya. Alikuwa mmoja wa bora niliowahi kukagua, na rejista yake ilikuwa na wino wa kila siku. Hatukuwahi kulizungumza jambo lile. Yeye alinijua, mimi nilimjua, tulizungumza juu ya vyoo na madawati.

Mwezi uliopita mlinifanyia sherehe, mkanipa kitenge na godoro. Watu walipotawanyika yule mwalimu mkuu alibaki akinisaidia kukunja kile kitenge. Sasa naye ana mvi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwalimu."

"Nina kitu chako. Au siyo chako. Sijui nimpe nani."

Akafungua mkoba, akatoa bahasha ya kaki iliyolainika kama kitambaa, imekunjwa mara nne. Alisema aliitiwa ofisini kwa mkuu wa shule ya sekondari, akiwa kidato cha kwanza, akakabidhiwa barua yake kutoka mkoani. Aliisoma akiwa amesimama. Alisema alifikiri wamemgundua, akalia, akangoja wiki nzima waje kumchukua. Walipokosa kuja, akaelewa barua haikumtafuta yeye. "Nilikuwa na miaka kumi na sita," alisema. "Nilitaka kuichana. Nikashindwa kuichana na nikashindwa kuipeleka."

Niliivua miwani, nikaifuta, nikaivaa tena. Barua ilikuwa ya mistari mitatu. Ndugu Skolastika Bugingo, ombi lako la kufanya mtihani kwa jina lako limekubaliwa. Peleka barua hii kwa Afisa Elimu wa Wilaya, akuandike. Kijiji alichotaja mwombaji hakikuwa na sanduku la posta, na karani mmoja wa Bukoba, mtu mwenye bidii naamini, hakutaka ombi la mtoto lipotee. Akatafuta kwenye orodha zake yuko wapi Skolastika Bugingo. Akampata, kidato cha kwanza, na anwani kamili, wala hakujiuliza zaidi ya jina.

Tangu siku ile sijapita Lusahunga. Nitapita, maana swali lake sasa lina jibu, na ni lazima alipate kutoka kwangu. Mhuri wa posta bado unasomeka. Barua ilifika siku thelathini na nne kabla ya mtihani.